Pikapu ya dizeli au kigari cha petroli? Piga hesabu ya kilomita kabla hujatoa kianzio

Somo la leo linahusu mafuta ya gari. Usiseme "mimi sina gari, halinihusu". Wengi wetu hatuna gari hapa Ubelgiji, lakini kila mwezi tunalipia mafuta ya gari lililoko nyumbani. Hilo ndilo gari linalotumaliza zaidi, kwa sababu hatulioni.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikaa na fundi mmoja wa Lubumbashi kwenye mgahawa wa chai karibu na rue de Brabant, pale pembeni ya stesheni ya Gare du Nord. Ni mtu wa mjengo, anapaka plasta, gari la kazi linamchukua saa kumi na moja na nusu asubuhi. Alikuwa ameweka akiba karibu miaka mitatu. Siku hiyo alinionyesha picha kwenye simu: pikapu ya dizeli, nyeupe, safi kabisa. Muuzaji alitaka kianzio cha euro 500 kabla ya Jumanne.

"Kaka, mdogo wangu ataifanyia biashara," aliniambia. "Halafu ni dizeli. Dizeli haili mafuta."

Nikamwuliza, "Haili lita ngapi?"

Akacheka. Hakuwa na jibu, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu ya biashara na kazi yangu ya uhasibu, niliwahi kununulia familia yangu pikapu Kigoma bila kupiga hesabu hii. Ilitakiwa ibebe mizigo. Ikawa ya harusi, misiba, kumpeleka shangazi hospitali na kumrudisha. Sikatai, hayo yote ni mambo ya maana. Lakini nilikuwa nimeliandika gari lile kichwani kama biashara, kumbe kila mwezi natuma mimi hela ya mafuta. Iliuzwa baada ya miaka miwili kwa hasara. Kwa hiyo somo hili nimelilipia ada.

Bei ya lita siyo gharama ya safari

Watu wengi hulinganisha magari kwa kuangalia bei kwenye kibao cha sheli: petroli kiasi hiki, dizeli kiasi hiki. Hilo ni kosa la kwanza. Lita ni kipimo cha kununulia tu. Wewe unachohitaji kujua ni gharama ya kilomita moja.

Kanuni yake ni fupi. Iandike mahali:

Lita kwa kilomita 100, zidisha kwa bei ya lita, gawanya kwa 100. Jibu ni gharama ya kilomita moja.

Tuchukue mfano. Ili hesabu iwe rahisi, tuseme petroli na dizeli zote ni euro 1.50 kwa lita. Wewe utaweka bei halisi ya kwenu.

Kigari kidogo cha petroli, injini ya lita moja hivi, kinakula kama lita 6 kwa kilomita 100. Hiyo ni 6 × 1.50 = euro 9. Kilomita moja ni senti 9.

Pikapu ya dizeli, injini ya lita 2.5 au 3, inakula kama lita 10 kwa kilomita 100 ikiwa tupu. Hiyo ni 10 × 1.50 = euro 15. Kilomita moja ni senti 15.

Tofauti ni senti 6. Ndogo, siyo? Sasa gari likitembea kilomita 1,500 kwa mwezi, kigari kinatumia euro 135 na pikapu euro 225. Tofauti ni euro 90 kila mwezi, euro 1,080 kwa mwaka.

Je, "dizeli haili mafuta" ni uongo? Hapana, ni ukweli uliokatwa nusu. Lita ya dizeli ina nguvu zaidi kidogo kuliko lita ya petroli, na injini ya dizeli inaitumia nguvu hiyo vizuri zaidi. Ukichukua magari mawili yanayolingana kwa ukubwa na uzito, moja la dizeli na jingine la petroli, la dizeli litatumia lita chache. Lakini pikapu na kigari hayalingani. Pikapu ni nzito, ina matairi mapana, imesimama wima mbele ya upepo. Faida ya dizeli inamezwa na uzito wa chuma chenyewe.

Angalia pia bei ya kulingana. Ili pikapu ifikie senti 9 kwa kilomita, lita ya dizeli ingebidi iwe senti 90 wakati petroli ni euro 1.50. Yaani punguzo la asilimia 40. Ukikuta mtu anakwambia dizeli ni rahisi, mwulize: ni rahisi kwa asilimia ngapi?

Hata hapa Ubelgiji imani hii ni ya zamani. Kuanzia 2015 serikali ilipandisha ushuru wa dizeli hatua kwa hatua, na kufika 2018 ukalingana na wa petroli.

Kwa nini dizeli za zamani zinauzwa bei poa hapa

Fundi wetu alivutiwa na bei. Ni vizuri kujua bei hiyo inatoka wapi.

Tangu tarehe 1 Januari 2018 jiji zima la Brussels, kata zote 19, liko ndani ya eneo la hewa safi linaloitwa LEZ. Gare du Nord imo, Schaerbeek imo, Anderlecht imo. Kamera zinasoma namba ya gari na mfumo unajua injini yako ni ya daraja gani la Euro. Dizeli ndizo zilizobanwa zaidi: Euro 2 ilikatazwa 2019, Euro 3 ikafuata 2020, na Euro 4 mwaka 2022. Petroli ilipewa nafasi ndefu zaidi, maana moshi wake hauna masizi kama wa dizeli ya zamani.

Gari likishakosa ruhusa ya kuingia mjini, wateja wake hapa wanapungua. Linatafutiwa njia ya kwenda nje. Ukipanda treni Gare du Nord ukashuka Gare du Midi, ukatembea kuelekea mtaa wa Heyvaert, utayaona magari yamepangwa yakisubiri safari ya bandari ya Antwerp na kisha Afrika. Ni biashara halali na imelisha watu wengi. Ila kumbuka: bei poa ya kununulia haipunguzi hata tone moja la mafuta. Unanunua mara moja, unajaza tenki kila wiki.

Kama unataka gari la kutumia hapa hapa Brussels, usimsikilize muuzaji peke yake. Ingiza maelezo ya gari kwenye tovuti rasmi ya lez.brussels kabla ya kulipa chochote. Masharti haya yamekuwa yakibadilishwa, na faini inakuja kwako, haimwendei aliyekuuzia.

Dada mmoja anayefanya usafi wa nyumba kwa mfumo wa titres-services aliniuliza kama anunue kigari cha dizeli kwa sababu anazunguka nyumba tatu kwa siku. Nilimwambia hapana. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo linahitaji safari ndefu ili lipate moto na kujisafisha. Safari za kilomita tatu tatu zinaliziba, na kulitengeneza ni mamia ya euro. Kama ni lazima awe na gari, basi kidogo cha petroli. Na kabla ya hapo alinganishe na bei ya tiketi ya mwezi ya metro na tramu. Yeye baada ya hesabu alibaki na tramu.

Usukani uko upande gani?

Hili nalo linawaponza watu. Magari ya hapa yana usukani wa kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo yanafaa. Kenya, Uganda na Tanzania wanaendesha upande wa kushoto. Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto, na gari linaloingia lisiwe limezidi miaka minane. Uganda tangu 2018 hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15. Kwa hiyo kama kwenu ni Mombasa au Mwanza, mwambie muuzaji wa Brussels ahsante, utafute gari kwa njia nyingine. Na hata kama kwenu ni Kongo, ulizia kwanza forodha umri unaoruhusiwa na ushuru wake. Uliza kwa ofisi, siyo kwa dalali.

Pikapu tupu inakula, pikapu iliyojaa inalisha

Mpaka hapa utadhani naipiga vita pikapu. Hapana. Pikapu ilitengenezwa kubeba mzigo, na hesabu yake lazima ifanywe ikiwa na mzigo.

Mdogo wake fundi alipanga kuchukua bidhaa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kuzileta Lubumbashi. Ni kama kilomita 90. Anakwenda mtupu, anarudi na tani moja.

Pikapu: kwenda tupu lita 9. Kurudi na tani moja inakula lita 12 kwa kilomita 100, hivyo lita 10.8. Jumla lita 19.8, sawa na euro 29.70.

Kigari kidogo: kwenda lita 5.4. Kurudi na kilo 250, akitoa viti vya nyuma, kinakula lita 7 kwa kilomita 100, hivyo lita 6.3. Jumla lita 11.7, sawa na euro 17.55.

Kama mzigo ni kilo 250 tu, kigari kinashinda. Mzigo ukiwa kilo 500, kigari kinakwenda mara mbili na kutumia euro 35.10, pikapu inashinda. Mzigo ukiwa tani nzima, kigari kinakwenda mara nne: euro 70.20 dhidi ya 29.70. Hapo hakuna ubishi, na hujaweka bado siku nne za dereva.

Kwa hiyo swali la "gari gani linakula kidogo" halijakamilika. Swali kamili ni: linabeba nini, na mara ngapi kwa mwezi?

Hesabu iliyomzuia fundi

Tulichukua kalamu. Kwa makadirio aliyopewa, pikapu ikifika Lubumbashi na ushuru wote ingekuwa euro 14,500. Kigari cha petroli kingekuwa euro 9,000. Tofauti euro 5,500.

Mdogo wake kwa kawaida anazunguka mjini kilomita 1,000 kwa mwezi. Kwa pikapu hiyo ni euro 150, kwa kigari euro 90. Pikapu inazidi kwa euro 60.

Akitumia kigari, siku za mzigo atakodi pikapu ya mtu. Kukodi na dereva na mafuta, safari moja ya Kasumbalesa, alisema ni kama euro 60. Akiwa na pikapu yake, mafuta ya safari hiyo ni euro 29.70. Kila safari inaokoa euro 30.30.

Sasa ona:

Safari 2 kwa mwezi: anaokoa euro 60.60, zinalipia tu ule ulafi wa mjini wa euro 60. Faida ni senti 60.

Safari 5 kwa mwezi: 151.50 toa 60, zinabaki euro 91.50. Kurudisha ile tofauti ya euro 5,500 kunahitaji miezi 60. Miaka mitano.

Safari 12 kwa mwezi: 363.60 toa 60, zinabaki euro 303.60. Pesa inarudi kwa miezi 18 na kidogo.

Na hapo hatujaweka matairi, bima, oili na spea, ambavyo kwa pikapu kwa kawaida ni ghali zaidi. Pia ile dizeli ya kisasa yenye chujio, na nyingine zenye tenki la maji ya AdBlue, ziliundwa kwa dizeli safi sana ya Ulaya. Ukimpelekea mdogo wako gari la namna hiyo, uliza kwanza kama fundi wa kulitengeneza na AdBlue vinapatikana huko.

Fundi aliitazama ile karatasi kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo kila kitu kinategemea hizo safari."

Ndiyo. Pikapu ileile, mafuta yaleyale, barabara ileile. Safari tano ni mzigo kwako, safari kumi na mbili ni biashara. Na idadi ya safari haijulikani Brussels. Inajulikana Lubumbashi, na inapatikana kwa daftari, siyo kwa matumaini.

Jinsi ya kupata namba za kweli kutoka nyumbani

Kama tayari mna gari nyumbani, usitume swali la "gari linakula kiasi gani?" Utajibiwa "siyo sana". Omba kipimo hiki:

1. Dereva ajaze tenki mpaka bomba likate lenyewe. Apige picha namba za kilomita kwenye dashibodi.

2. Atembee kama kawaida siku kadhaa, angalau kilomita 300.

3. Ajaze tena mpaka bomba likate. Apige picha risiti na namba za kilomita.

4. Lita za kujaza mara ya pili, gawanya kwa kilomita zilizotembewa, zidisha kwa 100.

Mfano: kutoka 184,200 hadi 184,620 ni kilomita 420. Amejaza lita 42. Basi 42 ÷ 420 × 100 = lita 10 kwa kilomita 100. Mwezi ukifika mkasoma lita 14 kwa gari lilelile, kuna jambo: kichujio kimeziba, matairi hayana upepo, au mafuta yanauzwa njiani. Usianze kwa kugombana. Anza kwa kuuliza.

Najua wengi hununua mafuta kidogo kidogo, "weka ya elfu kumi", au kwa wauzaji wa chupa pembeni ya barabara, wale wanaoitwa kadhafi huko Kongo. Kipimo hakitatoka hapo, na ubora wa mafuta hauna dhamana. Kwa siku mbili za kipimo, nendeni sheli.

Bei ya lita usikisie. Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya, EPRA hutangaza tarehe 14. Kongo serikali hupanga bei kwa kanda. Uganda bei ni ya soko, kila sheli na yake. Hapa Ubelgiji kuna bei ya juu kabisa inayotangazwa na serikali, na inaweza kubadilika siku hadi siku.

Jambo la mwisho, kuhusu kutuma. Tenga hela ya mafuta na hela ya chakula. Ukituma kwa pamoja, gari litakula kwanza na watoto baadaye, maana gari haliwezi kuambiwa subiri. Na usitume vihela vidogo mara nne kwa mwezi kila tenki likikauka: unalipa ada ya kutuma mara nne. Tuma mara moja, kwa kiasi kilichotokana na daftari.

Ilivyoishia

Fundi hakutoa kile kianzio cha euro 500. Muuzaji alimpigia mara tatu, akamwambia kuna mteja mwingine. Alimjibu, "Mpe." Mdogo wake alinuna wiki nzima, kisha akakubali kuandika daftari kwa miezi mitatu huku akikodi pikapu siku za mzigo. Matokeo: mwezi wa kwanza safari 5, wa pili 4, wa tatu 6. Wastani 5.

Akiba bado iko benki. Wamekubaliana kwamba safari zikifika 10 kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, watanunua pikapu bila kuuliza mtu. Juzi tulikutana tena Gare du Nord, akanionyesha simu. Safari hii haikuwa picha ya gari, ilikuwa ya ukurasa wa daftari. Mwezi huu safari 7.

Zoezi la wiki hii

Kama unalipia gari nyumbani: omba picha mbili za namba za kilomita na risiti moja. Tafuta gharama ya kilomita moja.

Kama unapanga kununua: andika safari za mzigo za mwezi mmoja, zile zilizolipiwa tu. Usihesabu zile mtu anazosema zitakuja.

Kama unaishi na mtu anayepanga kununua: mpe somo hili alisome kabla ya Jumanne.

Kazi njema, na safari njema kwa wanaolala usiku wa leo wakisubiri gari la saa kumi na moja na nusu.